Kutuliza besi inayorindima kwenye chumba kidogo

Chukua muzigo (chumba kimoja cha kupanga) wa kawaida wa Kampala: futi 10 kwa 12, kuta za matofali zilizopigwa plasta, sakafu ya simenti, dirisha moja la chuma. Weka ndani yake spika mbili zenye wufa (koni ya sauti nzito) ya inchi 8, halafu cheza wimbo wenye gitaa la besi linalotembea. Noti moja itavimba, itabaki hewani baada ya mpigaji kuishika waya, na itafunika sauti ya mwimbaji. Noti ya pili yake haisikiki kabisa. Wengi huilaumu spika. Wengine hununua amplifaya kubwa zaidi na mrindimo unazidi. Katika chumba cha ukubwa huu, kosa kwa kawaida liko kwenye vipimo vya chumba na mahali spika na kiti vilipowekwa, na sehemu kubwa ya tiba haigharimu hata shilingi.

Hakikisha kwanza ni chumba

Zima kila kitufe cha kuongeza besi kwenye redio au amplifaya, na urudishe vitufe vya kuzungusha vya besi na trebo (sauti nyembamba) katikati. Kisha toa spika nje uani, mita 3 au zaidi kutoka ukuta wowote, ucheze wimbo uleule kwa sauti ileile. Mrindimo ukipotea, tatizo ni chumba. Ukibaki vilevile, tatizo ni boksi la spika. Maboksi mengi ya bei nafuu yana tundu la hewa lililotengenezwa kusukuma noti moja ili mnunuzi avutiwe dukani. Hayo yatibu kwa kuziba tundu: kunja kipande cha sponji au soksi mbili safi, sukuma ndani hadi zikaze, lakini zisiguse koni. Utapoteza besi ya chini kabisa, ila iliyobaki itakuwa na mipaka.

Usichanganye mrindimo na mambo mawili mengine. Mvumo unaoendelea hata muziki ukisimamishwa unatokana na umeme wetu wa 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde) unaopenya kwenye waya au kwa sababu ya ethi (waya wa ardhini) mbovu. Hakuna godoro litakalouondoa. Nayo mabati, vioo vya dirisha na komeo la mlango vikitetemeka, hiyo ni kazi ya bisibisi na vipande vya raba vya tyubu ya baiskeli. Zimalize kelele hizo kabla ya kitu kingine, maana huweza kukudanganya kila unapopima.

Chumba chako kinaimba noti gani?

Ukiwahi kuisikia embaire ya Busoga utalielewa jambo hili haraka. Magogo yake makubwa hupangwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini, na hewa ya shimoni huzikuza sauti nzito. Chumba chako ni shimo la namna hiyo, ila hakuna fundi aliyelichimba kwa kuyapatanisha na magogo yako. Kinakuza noti kinazozipenda chenyewe.

Noti hizo unaweza kuzihesabu. Kwenye joto la nyuzi 25 sauti husafiri takriban mita 346 kwa sekunde. Wimbi linalosimama kati ya kuta mbili zinazotazamana huanza pale ambapo nusu ya urefu wake ni sawa na umbali wa kuta hizo. Kwa hiyo gawanya 173 kwa umbali huo wa mita na utapata Hz za wimbi la kwanza. Zidisha kwa 2 upate la pili, kwa 3 upate la tatu.

Muzigo wetu una urefu wa mita 3.66, upana wa 3.05, na tuseme dari iko mita 2.74 juu. Urefu unatoa 47 Hz, kisha 95. Upana unatoa 57, kisha 113. Kimo kinatoa 63, kisha 126. Sasa kumbuka kwamba waya wa E wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutoa 41 Hz, A hutoa 55, D hutoa 73 na G hutoa 98. A inaangukia karibu kabisa na 57. G inaangukia karibu na 95. D inaangukia kwenye pengo, kwa hiyo inasikika nyembamba. Malalamiko ya "noti moja inavimba, nyingine haipo" yanaanzia hapo hasa.

Chumba cha futi 10 kwa 10 ni kigumu zaidi, kwa sababu urefu na upana hukutana kwenye 57 Hz na kuongezeana nguvu. Kama una nafasi ya kuchagua vyumba viwili nyumbani, usichague cha mraba hata kama kinapendeza. Nyumba isiyo na dari, yenye mabati peke yake juu, huachia besi nyingi itoke, hivyo wimbi la kimo huwa dhaifu. Dari ya zege ya ghorofa hairuhusu chochote kutoka.

Hesabu ikishakamilika, ithibitishe kwa masikio. Pakua kwenye simu programu ya kutoa toni, iunganishe na amplifaya, na uanze 30 Hz ukipanda Hz 2 kila hatua hadi 150. Cheza kwa sauti ya chini: toni ya 30 Hz ikipigwa kwa nguvu huweza kuharibu wufa ndogo kabla hujaisikia vizuri. Kaa pale unapokaa kila siku. Andika kwenye daftari toni zilizovimba na zilizozama. Mwenye kompyuta na maikrofoni ya kupimia, kama UMIK-1, atumie programu ya REW, ambayo ni ya bure. Itamchorea mstari wa nguvu ya kila toni na pia muda ambao kila toni inachukua kufa. Maikrofoni ya simu haifai sana kwa kazi hii, kwani simu nyingi hukata sauti nzito kwa makusudi.

Kiti kabla ya spika

Kila wimbi linalosimama lina nguvu kubwa kabisa ukutani. Ndiyo sababu anayesikiliza akiwa ameegemea ukuta wa nyuma, au amekaa kitandani kilichosukumwa ukutani, husikia mrindimo kuliko mtu mwingine yeyote chumbani. Katikati kabisa ya urefu nako si kuzuri: wimbi la kwanza linatoweka hapo, na besi inakauka.

Panga spika zitazame urefu wa chumba, zikiwa mbele ya ukuta mfupi. Kichwa chako kiwe kwenye asilimia 38 ya urefu ukipima kutoka ukuta wa nyuma. Katika mfano wetu hiyo ni mita 1.39 kutoka nyuma. Hapo wimbi la 47 Hz lina nguvu pungufu ya ile ya ukutani kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 8 au 9. Hii si sheria ya kuabudiwa. Anzia hapo, kisha sogea sentimita 10 mbele na 10 nyuma, ukisikiliza toni ulizoandika.

Kama kitanda hakikuruhusu kufika huko, kuondoka ukutani kwa sentimita 70 tu kunasaidia, ila ujue kinachosaidiwa ni nini: 95 Hz hushuka sana, karibu desibeli 9, huku 47 ikishuka chini ya 2. Ile ya chini itabidi uishughulikie kwa njia nyingine.

Kwa upana, kaa katikati barabara, na spika zote mbili ziwe na umbali sawa kutoka kuta za pembeni. Hapa kuna faida ambayo wengi hawaijui. Nyimbo nyingi hurekodiwa besi ikiwa sawa kwenye spika zote mbili, na spika mbili zilizopangwa sawasawa hulizimishana wimbi la kwanza la upana. Spika moja ikiwa konani na nyingine katikati ya ukuta, 57 Hz inaamka papo hapo. Kwa hiyo tepu ya kupimia ni kifaa cha kwanza cha kununua, na sentimita 5 za tofauti zinastahili kurekebishwa.

Halafu umbali wa spika kutoka ukuta ulio nyuma yake. Sauti nzito huzunguka boksi, hugonga ukuta na kurudi. Zikikutana kinyume, hufutana. Toni inayofutwa ni 346 ukigawanya kwa mara nne ya umbali huo. Spika ikiwa sentimita 70 mbele ya ukuta, pengo linaangukia 124 Hz. Ikiwa mita 1.2, linaangukia 72. Umbali wa kati ndio mbaya kuliko yote, kwa kuwa unakula mdundo wa ngoma ya miguu huku mrindimo wa chini ukibaki. Kwenye muzigo, suluhisho la busara ni kuisogeza spika karibu na ukuta, sentimita 10 hadi 20 kutoka mgongo wa boksi, kukubali kwamba ukuta utaongeza besi, na kuipunguza kwa ikwalaiza (kirekebishi cha toni). Besi iliyozidi hupunguzika kirahisi. Iliyofutika hairudi.

Usiiweke kona. Kila sakafu, ukuta au dari iliyo jirani na spika huweza kuongeza hadi desibeli 6 chini kabisa, na kona ina nyuso tatu. Usiiweke pia juu ya kabati lenye droo, kwani droo tupu ni ngoma. Tofali mbili za saruji zikisimamishwa, juu yake kipande cha raba, zinafanya stendi nzuri kuliko meza nyingi za dukani. Twita (koni ndogo ya sauti nyembamba) iwe usawa wa masikio yako, mara nyingi kama mita 1.1 kutoka sakafuni. Kwa dari ya mita 2.74, masikio yakiwa kwenye kimo hicho yako karibu na katikati, na wimbi la 63 Hz linakuwa hafifu.

Mwenye sabwufa (spika ya besi pekee) ana njia yake. Iweke juu ya kiti unachokalia, cheza wimbo wenye besi inayotembea, halafu tambaa kwa magoti kando ya kuta ukisikiliza. Mahali ambapo noti zote zinasikika kwa usawa, hapo ndipo sabwufa iende. Mara nyingi patakuwa karibu na katikati ya ukuta mfupi, na sababu inajulikana: iliyo katikati ya upana haiwezi kuliamsha wimbi la kwanza la upana. Weka mpaka kati ya sabwufa na spika kwenye 80 Hz. Kisha geuza swichi ya fezi (mwelekeo wa mtetemo) kati ya 0 na 180 ukisikiliza toni ya 80, na uache pale inaposikika kwa nguvu zaidi. Kiasi cha sabwufa kipunguze hadi usiweze kusema iko wapi.

Kwa nini trei za mayai hazifanyi kazi

Kitu cha vinyweleo, kama sponji au pamba, hufyonza sauti kwa kuisugua hewa inayopita ndani yake. Ukutani hewa haisogei, imebanwa. Husogea kwa kasi kubwa kabisa kwenye robo ya urefu wa wimbi kutoka ukutani. Kwa toni ya 1,000 Hz robo hiyo ni sentimita 9. Kwa 95 Hz ni sentimita 91. Kwa 47 Hz ni mita 1.84, zaidi ya nusu ya upana wa chumba chote. Sponji ya sentimita 5 iliyobandikwa ukutani, yenye mabonde mazuri, itafyonza trebo na kuliacha rindimo lote. Chumba kitasikika kizito zaidi kuliko mwanzo. Trei za mayai zikibandikwa ukutani ni dhaifu kuliko hata sponji hiyo, na zinawaka moto kama karatasi. Pazia linalotenga kitanda na sebule halibadilishi chochote chini ya 200 Hz.

Kinachosaidia ni unene, na kona. Mawimbi yote huishia konani, na kona hukupa kina bila kula katikati ya chumba.

Kwa kona mbili, hivi ndivyo vifaa: godoro moja la sponji la futi 4 kwa 6, unene inchi 6, mbao 3 za inchi 3 kwa 1, urefu futi 14, ambazo soko la mbao la Ndeeba hapa Kampala haliwezi kukosa, skrubu za inchi 2, na magunia ya kahawa au kitambaa cha pamba chepesi. Kabla ya kununua godoro, weka mdomo kwenye sponji na upulize. Pumzi ikipita kwa ukinzani kidogo, chukua. Isipopita, acha, hata muuzaji akisifu namna lilivyo gumu. Kitambaa nacho kijaribu vivyo hivyo. Godoro lililobonyea kwa kulaliwa linafaa. Lianike juani siku mbili kwa sababu ya kunguni.

Kata godoro katikati kwa urefu, kwa kisu kirefu chenye makali, upate vipande viwili vya sentimita 61 kwa 183. Kutoka mbao mbili toa miguu minne ya sentimita 193. Kutoka ya tatu toa vipande sita vya sentimita 61. Kila fremu ina miguu miwili, kipande cha juu, kipande cha chini kilichoinuliwa sentimita 5 kutoka sakafuni, na kimoja katikati upande wa nyuma ili sponji isilale. Toboa kabla ya kukaza skrubu, la sivyo mbao ya paini itapasuka mwishoni. Ingiza sponji, funika kwa gunia, piga stepla nyuma.

Simamisha fremu kimshazari konani, ikikata pembe. Itachukua kama sentimita 47 za kila ukuta, na nyuma yake kutabaki nafasi ya pembetatu yenye ujazo wa takriban lita 200. Ijaze kwa vipande vya sponji au nguo za mitumba zisizobanwa. Robota lililofungwa halifai, limeshindiliwa mno. Ukizijaza kwenye kiroba cha plastiki hakuna ubaya, sauti nzito hupita kwenye plastiki nyembamba bila shida.

Anza na kona mbili zilizo nyuma ya spika, au zile za nyuma yako kama mlango uko mbele. Kona mbili hazitaimaliza 47 Hz, na anayeahidi hivyo anakudanganya. Zitafupisha muda wa 95 na 113 kufa, jambo ambalo sikio hulitambua mara moja: gitaa linapata mwanzo na mwisho wa kila noti. Kona nne ni bora zaidi.

Pamba ya madini, ile ya kuzuia joto, ni nzuri kuliko sponji. Kwa unene wa sentimita 10 hadi 15 tafuta yenye uzito wa kilo 40 hadi 60 kwa mita ya ujazo. Kwa kona iliyojazwa hadi ndani, nyepesi zaidi. Vaa glavu na barakoa, na uifunge kwa kitambaa kisichopitisha nyuzi zake.

Tafadhali lichukue hili kwa uzito: sponji inawaka haraka na moshi wake ni sumu. Ikiwa chumba hichohicho ndicho cha sigiri, au mshumaa huwashwa umeme ukikatika, usiweke sponji. Tumia pamba ya madini au uishie kwenye kupanga kiti na spika. Unyevu ni adui wa pili. Misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, kuta nyingi hutoa jasho, na kuvu huota upande wa nyuma usioonekana. Acha sentimita 2 kati ya fremu na ukuta, ivute katikati ya msimu uinuse. Miguu ipakwe dawa ya mchwa.

Mwisho ndipo ikwalaiza

Ikwalaiza iguswe baada ya kazi yote hiyo, na itumike kupunguza tu. Mahali toni imezama kwa sababu mawimbi yanafutana, kuongeza desibeli 10 kunaidai amplifaya nguvu mara 10, na bado toni inafutwa. Utaunguza wufa bure.

Kwenye Windows, Equalizer APO ni ya bure na inakubali filta zenye namba mahususi. Tuseme kipimo kimeonyesha 47 Hz imezidi kwa desibeli 8. Weka filta ya kilele kwenye 47, punguza 6, Q (ufinyu wa filta) iwe 5. Sikiliza siku mbili kabla ya kuongeza nyingine. Filta tatu zinatosha kwa chumba kidogo. Zikifika nane, rudi kwenye kiti. Anayecheza muziki kwa programu ya VLC ana kitelezi cha 60 Hz na cha 170 pekee kwa upande wa besi. Kile cha 60 kishushe desibeli 3 hadi 5. Ni shoka badala ya wembe, maana kinapunguza pia noti zisizo na kosa, lakini mwimbaji atasikika.

Jambo moja ambalo kona hazitafanya ni kumpa jirani usingizi. Kufyonza hupunguza sauti inayozunguka ndani, inayopenya haizuii. Nyumba nyingi za muzigo zina kuta za kutenganisha zinazoishia chini ya mabati, na besi hupita juu yake bila kizuizi. Usiku shusha sabwufa au izime, na uache spika pekee.

Ukimaliza, rudia toni 30 hadi 150 kwenye kiti kilekile na uandike kando ya namba za kwanza. Tofauti kati ya toni iliyovimba zaidi na iliyozama zaidi ikipungua kwa nusu, chumba chako kiko vizuri. Kama 95 bado inakaa hewani, jaza kona mbili zilizobaki. Kama ni 63, godoro lingine lilale pale ukuta unapokutana na dari, limefungwa kwa waya, si gundi.